Kadi yenye Mihuri Tisa

Mimi ni mtu wa wivu, na nalisema mapema ili tusisumbuane. Sikuupata Ulaya, nilikuja nao. Nikiwa darasa la tatu nilimpiga rafiki yangu ngumi ya pua kwa sababu alimwazima mtoto mwingine kifutio alichozoea kuniazima mimi. Kwa hiyo ukisikia kwamba mwanamume mzima, mwenye ndevu na ndoa ya miaka sita, aliingiza kichwa kwenye kabati la makoti akawa ananusa kola ya koti la mkewe, usishangae. Ndivyo nilivyo, na mwalimu wangu wa darasa la tatu atakuambia hivyohivyo.

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na kumi hivi. Tulikaa Bredäng, pembeni mwa Stockholm, ghorofa ya tano, kwenye yale majengo yanayofanana mpaka mgeni anaweza kuhangaika na ufunguo kwenye mlango wa jirani. Mimi nilipakia mizigo uwanja wa ndege wa Arlanda, kwa zamu. Mke wangu alikuwa na kazi ya kuzungukia wazee majumbani kwao, huko mjini: anamwogesha huyu, anampa yule dawa, anamsikiliza mwingine akisimulia habari za mume aliyekufa zamani. Watoto tulikuwa hatujapata.

Nyumbani chakula kilikuwa na utaratibu wake, ule tuliolelewa nao wote wawili kule Morogoro. Mke wangu akishapika ananiletea beseni na jagi la maji ya kunawa, ingawa bomba liko hatua tatu kutoka mezani. Ananipakulia, nakula. Yeye anakula baadaye, jikoni, mara nyingi akiwa amesimama, anakwangua sufuria huku anaosha vyombo. Akipika kuku, firigisi ni yangu. Inakaa juu kabisa ya sahani, kwa sababu firigisi ni ya baba mwenye nyumba na hilo halina mjadala. Sasa kuku wa maduka ya Sweden wanauzwa tumbo tupu. Basi mke wangu alikuwa anakwenda mpaka Rinkeby, anabadilisha treni, anaingia kwenye duka la Waafrika kununua mfuko wa firigisi zilizogandishwa, ili kila kuku wa dukani apate firigisi na mimi nipate haki yangu. Sikuwahi kumwomba afanye hivyo. Wala sikuwahi kumwambia aache.

Kitu kimoja tu hakikuingia jikoni mwetu, nguruwe. Mama yangu alitulea katika kanisa linalomkataza, na siku ya harusi alimshika mke wangu mikono yote miwili akamwambia, "Binti yangu, nyumba ya mwanangu isije ikanuka kitimoto." Mke wangu akaahidi. Mimi mwenyewe, sina haja ya kuficha sasa, kila nilipopata Jumamosi isiyo na zamu nilikuwa nakwenda Märsta, kwa Mkongo mmoja wa Bukavu niliyekuwa napakia naye mizigo, na huko nilikula kitimoto mpaka mikono inang'aa. Alikuwa anakikaanga na ndizi na pilipili, jamani, wacha tu. Nikirudi nyumbani nasema nilikuwa na zamu ya ziada.

Basi zikaanza hizo Ijumaa.

Siku ya Ijumaa mke wangu alikuwa anatoka kazini saa sita mchana. Zamani saa saba yuko nyumbani. Majira yale ya baridi akaanza kuingia saa tisa, mara saa kumi. Anavua viatu, anapika, ananiletea maji, ananipakulia. Kisha hagusi sufuria.

"Na wewe?" namuuliza.

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini?"

"Nimeshiba tu, mume wangu. Kula."

Na aliyasema kwa sauti ya mtu aliyeshiba kweli, mtu aliyetulia, sauti ambayo Jumatatu hana na Jumanne hana. Hiyo ndiyo iliyoniua. Uchovu wake nilikuwa nimeuzoea, niliuona kama mali ya nyumba. Huu utulivu aliupata wapi, na nani alimpa?

Nikaanza upelelezi. Kwanza lile koti: lilinukia mafuta ya moto, mafuta mazuri, si yale ya chipsi za stesheni. Halafu mfuko wa ndani wa koti. Nilijiambia natafuta ufunguo, ingawa ufunguo nilikuwa nao mkononi. Nikatoa kadi ndogo ngumu, imechorwa nguruwe anayecheka, kavaa kofia ya mpishi. Maandishi ya Kijapani, na chini yake ya Kiswidi: ukila mara kumi, mara ya kumi ni bure. Ilikuwa na viduara kumi, na tisa vilikuwa vimepigwa muhuri mwekundu. Nikahesabu mihuri kwa kidole, nikaenda kwenye kalenda ya ukutani nikahesabu Ijumaa. Zikalingana. Nikairudisha kadi mahali pake, nikaketi kitandani.

Labda wewe ungesema: kumbe mke wangu ana mgahawa anaoupenda. Mimi sikuweza kusema hivyo, na hakuna mtu wa kwetu ambaye angesema hivyo. Kwetu mwanamke hakai mgahawani peke yake, anapelekwa. Hata mwanamume, ukionekana mezani peke yako na sahani iliyojaa, watu watauliza umefiwa au una uchoyo wa namna gani. Mihuri tisa maana yake mara tisa kuna mtu aliyemvutia kiti. Nikampelekea habari yule Mkongo, naye akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Bibi yako hawezi kula yeye moja, ndugu," akasema. "Iko mutu." Halafu akaniongezea nyama.

Mutu huyo nikaanza kuishi naye. Siku za kwanza alikuwa Mswidi mrefu, wa baiskeli, mwenye meno yote, anayejua kusikiliza wanawake. Baadaye nikambadilisha akawa Mkenya, injinia, ananukia manukato, anaongea Kiingereza cha puani. Nikamchukia Mkenya yule ambaye hayupo kuliko mtu yeyote aliyepo. Nikanunua shati jipya. Nikawa naanzisha ugomvi wa bure.

"Chumvi imezidi," nasema.

Mke wangu anaonja kwa kiganja. "Haijazidi."

"Kwangu mimi imezidi!"

Ananitazama, anaongeza maji kwenye mchuzi, anarudi jikoni. Usiku namsikiliza akipumua na nafsi yangu inaniuliza kama mwanamke huyu bado ni wangu au analala hapa kwa sababu godoro liko hapa. Nilitaka kujua hilo moja tu. Mengine yote ningevumilia.

Ijumaa iliyofuata nikapiga simu kazini nikasema naumwa, na kwa kweli nilikuwa naumwa. Anwani nilishaikariri kutoka nyuma ya kadi. Mgahawa wenyewe ulikuwa mdogo, mlango mmoja na dirisha moja, mtaa wa nyuma huko mjini, usio mbali na Odenplan. Foleni ilitoka nje mpaka kwenye kona. Ilikuwa Februari, theluji imekuwa barafu, na Waswidi wamesimama kimya, kila mmoja na nafasi yake, wanamsubiri nguruwe. Nikasimama mwisho. Nikavumilia mpaka watu watatu wakaingia, nikashindwa, nikaenda dirishani. Kioo kilikuwa kimejaa mvuke, lakini pembeni palikuwa na sehemu safi, nikachungulia.

Nikauona mgongo wake. Alikuwa amekaa kwenye kaunta, kiti cha pili kutoka ukutani, na kushoto kwake alikuwepo mwanamume. Mswidi. Mrefu, sweta ya bluu, na meno alikuwa nayo, niliyaona akitafuna. Akanyoosha mkono kuelekea chupa ya mchuzi, na mke wangu akamsogezea. Akamsogezea! Damu ikanipanda kichwani, nikasukuma mlango. Nyuma yangu mwanamke mmoja akasema kwa upole kwamba kuna foleni, na Mswidi akikuambia kuna foleni ujue hana tusi kubwa zaidi ya hilo.

"Namfuata mke wangu," nikamjibu, na nadhani aliusoma uso wangu, maana hakuongeza neno.

Nilipofika ndani, penye vigingi vya makoti, yule wa sweta alikuwa anasimama. Akajifunga skafu, akamshukuru mpishi, akanipita bila hata kugeuka kumtazama mke wangu. Kiti chake kikabaki wazi. Kwenye kile cha upande wa ukutani alikaa bibi kizee mmoja, anasoma gazeti. Nikajibanza kwenye makoti kumsubiri mwenye kiti, yule mtu wangu, Mkenya wangu. Pengine alikwenda kunawa. Nikasubiri. Hakuna aliyekuja.

Mke wangu alikuwa anakula peke yake.

Mbele yake palikuwa na sinia ndogo ya mbao: bakuli la wali, bakuli la supu, kichuguu cha kabichi mbichi iliyokatwa nyembamba kama uzi. Na mkononi alikuwa na kinu. Kinu kabisa, cha udongo, cha kukaa kiganjani, na mchi wake wa mti, na ndani yake ufuta. Kwenye mgahawa huo mteja ndiye anayejisagia ufuta wake. Nyumbani mke wangu anatwanga vitunguu saumu mbiombio, anakimbizana na muda. Pale alikuwa anausaga taratibu, anazungusha, anasimama, anainama kuunusa, anazungusha tena. Kisha akamimina juu yake mchuzi mzito mweusi. Nyama yenyewe ilikuwa imekaangwa na chenga za mkate mpaka ikawa na rangi ya dhahabu, imekatwa vipande, imelazwa juu ya wavu ili chini isilowe. Akachukua kipande cha katikati, kile kinene, akakichovya, akauma. Mlio wake niliusikia kutoka kwenye makoti. Akafumba macho.

Ndipo nikagundua kwamba sikuwahi kumwona mke wangu akila. Miaka sita. Nilimwona akipika, akionja, akikwangua sufuria. Kula, amekaa, mgongo umenyooka, ana muda, sikuwahi.

Upande wa pili wa kaunta alisimama mpishi, mzee wa Kijapani mwenye mvi, kajifunga taulo kichwani. Akaitupia jicho sinia ya mke wangu, akaona kabichi imekwisha, akaongeza nyingine bila kuulizwa. Mke wangu akainamisha kichwa. Mzee akainamisha chake. Na mimi wivu ukanikamata upya, ukanikamata vibaya, kwa sababu mtu baki alijua kwamba mke wangu anapenda kabichi na mimi nilikuwa sijui.

Mtu mwenye akili angeondoka hapo kinyumenyume, angetoka nje, angepanda treni akarudi kitandani kuendelea na ugonjwa wake wa uongo. Nilishapata jibu nililolitaka. Mimi nikaenda nikasimama nyuma yake.

Akafumbua macho, akageuka. Mshtuko ulipita usoni mwake, halafu mdomo ukasema kile ambacho mdomo wa mtu yeyote wa kwetu husema akikutwa anakula.

"Karibu."

Kila mtoto anajua jinsi ya kuijibu karibu hiyo. Unasema ahsante, endelea, nimeshiba. Nilisema ahsante, nikaketi kwenye kile kiti kilicho wazi.

"Unakula nguruwe," nikamwambia.

"Na wewe unamla huko Märsta. Nani anafua mashati yako?"

"Umejua lini?"

"Mwaka wa pili wa ndoa."

Hakupandisha sauti. Bibi kizee wa gazeti hata hakutugeukia. "Kwa nini hukuniambia kuhusu hapa?" nikamuuliza, na sauti yangu ilikuwa ya yule mtoto wa kifutio.

Mke wangu aliitazama sinia yake. "Ningekuambia, ungekuja."

Msichana anayehudumia akaja kuniuliza nitakula nini. Nikasema sili, sina njaa, kwa hasira. Akaondoka. Tukabaki na sinia moja mbele yetu, na nikaiona mikono ya mke wangu ikianza kazi yake. Akachukua kipande kingine cha katikati, akakiweka kwenye kisahani, akanisogezea kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko. Akavuta kinu akaanza kunisagia ufuta, haraka sasa, vilevile anavyotwanga nyumbani. Nilimwona anajua anachofanya. Nilimwona anashindwa kuacha.

Na mimi nikala.

Kilikuwa kitamu, siwezi kusema uongo. Nje kinalia, ndani kimelainika na kina maji yake. Nikala cha pili. Akanipa cha tatu. Yeye akala vile vya pembeni, vikavu, upesi upesi, jicho liko kwenye kisahani changu kuona kama kimekwisha. Yule mzee alinitazama mara moja, akarudi kwenye mafuta yake. Kabichi hakuongeza tena.

Kwenye malipo mke wangu akatoa kadi. Msichana akapiga muhuri wa mwisho, akatabasamu, akasema hongera, leo ni bure. Ndipo nikakumbuka maandishi niliyoyasoma mwenyewe kwa macho yangu. Majuma tisa mwanamke huyu alikuwa anasubiri siku ya kupewa chakula asichokipika, asichokilipia, kilichoandaliwa kwa ajili yake yeye. Na mimi nilikuwa nimekula katikati yote nikamwachia pembe. Msichana akamnyooshea kadi mpya.

"Hapana, ahsante," mke wangu akasema kwa Kiswidi.

Ijumaa iliyofuata, saa saba kamili, alikuwa nyumbani. Akapika kuku. Firigisi ikakaa juu ya sahani yangu. Yeye akala baadaye, jikoni, amesimama. Na Ijumaa iliyofuata hivyohivyo, na nyingine. Mshindi nilikuwa mimi: mke wangu hakuwa na mahali pengine popote pa kwenda.

"Mbona huendi tena kwa Mjapani?" nikamuuliza siku moja, najifanya sijali.

"Aa, sina hamu."

Nikambembeleza, nikampeleka mwenyewe, nikavaa lile shati jipya. Tulisimama kwenye foleni kama watu wazima, tukaagiza kila mtu sinia yake, nikajisagia ufuta wangu kwa mkono wangu. Haikusaidia. Kila nilipoinua kichwa alikuwa anaangalia sinia yangu. Macho hakuyafumba hata mara moja.

Mwezi wa nne nikaenda peke yangu. Nikajipanga, nikaketi kaunta, nikala mbele za watu bila mwenzangu kwa mara ya kwanza maishani, masikio yananiwaka, naona Stockholm nzima inauliza huyu kafiwa na nani. Kabichi nilipata baada ya kuomba. Wakati wa kutoka nikaomba kadi. Msichana akainua muhuri, nikamzuia, nikamwambia aiache tupu. Jioni nikaitumbukiza kwenye mfuko wa ndani wa koti la mke wangu, bila kusema neno.

Sasa usidhani nilibadilika nikawa malaika. Kila siku nilikuwa naingiza mkono kwenye mfuko ule. Kadi ipo, tupu. Kesho yake ipo, tupu. Wiki zikapita, makoti mazito yakapisha mepesi, nikaikuta imehamia kwenye mfuko wa koti jepesi, tupu bado. Angalau hakuitupa, nikajipa moyo. Halafu asubuhi moja ya Alhamisi nikaingiza mkono, hakuna kitu. Nikapekua mifuko yote. Nikapekua mkoba wake, Mungu anisamehe, nikapekua na droo ya soksi. Alikuwa ameipeleka mahali ambapo siwezi kuipata.

Kesho yake, Ijumaa, aliingia saa kumi. Akavua viatu. Harufu ya mafuta ikamtangulia sebuleni. Akaenda jikoni moja kwa moja, akapasha moto wali na kuku wa jana, akaweka sufuria mezani, akanyoosha mkono kuchukua jagi.

"Na wewe?" nikamuuliza.

"Nimeshiba."

Ile sauti. Wivu ukanipanda, mkali kuliko siku zote, maana safari hii hapakuwa na pua ya kupiga. Nikataka kumuuliza kadi iko wapi. Nikataka kumuuliza yule mzee alimwongezea kabichi mara ngapi, na kama alimwuliza alikuwa wapi miezi yote hii, na kama alicheka.

"Haya," nikasema. "Kaa, basi."

Nikainuka, nikanawa bombani, nikajipakulia.